Sura ya Tano: Karatasi Ilibaki, Maneno Yakaondoka

Sajini Mwishehe aliinua karatasi akaielekeza dirishani, akaigeuza upande wa pili, kisha akainusa. Huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja katika kazi ya askari kanzu, na pua yake ilikuwa imepitia mengi, pombe ya kuiba, bangi iliyofichwa ndani ya gunia la dagaa, na fulana za watu waliokimbia mbio ndefu. Karatasi ya mtihani inayonukia marashi ya waridi hakuwahi kukutana nayo.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Ndiyo iliyokutwa sandukuni," akajibu Mwalimu Ansbert. "Lakini yangu ilikuwa na maandishi, Sajini. Maswali kumi, kwa mkono wangu. Hii haina kitu."

Mwalimu Ansbert alikuwa Mhaya wa Bukoba, mrefu, kaptula yake ya kaki imenyooshwa pasi hata siku ya kushtakiwa. Miaka saba alikuwa amepanga chumba hapa Temeke kwa Bi Mwanaheri, na kila alasiri aliwafundisha Kiingereza watu wazima barazani, matarishi, madobi na wapishi wenye hamu ya kuvaa tai. Darasani alikuwa na kipenzi kimoja, nacho ni somo la umilikaji. Angeweza kulisimulia saa nzima bila kumeza mate. Sie, alikuwa akisema, tunaanza na mali, kitabu cha Hija. Mwingereza anaanza na mwenyewe, anaandika Hija, anatundika koma ndogo juu, anafuatisha herufi moja, ndipo anataja kitabu. Wenye mali wakiwa wengi, koma inahama. Kwa sababu ya mapenzi hayo Bwana Elimu, Mzungu msimamizi wa elimu, alimpa yeye kazi ya kutunga maswali ya umilikaji katika mtihani wa ukarani, ambao watu sitini wa Temeke na Kinondoni wangeufanya Jumatatu.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Nakala moja ilipelekwa mjini kupigwa chapa. Ya pili ikabaki kwa mtungaji, ndani ya sanduku lililofungwa, mpaka Bwana Elimu aje kuilinganisha. Mwalimu aliifungia Jumatano jioni. Ijumaa asubuhi Bwana Elimu akaja, sanduku likafunguliwa mbele yake, na ndani kulikuwa na karatasi tupu. Mzungu yule hakusema mengi. Alisema maswali yameuzwa na karatasi nyingine imewekwa mahali pake. Basi Inspekta wa kituo akampa Mwishehe mpaka Jumamosi saa kumi alasiri kuleta jina la mnunuzi. Asipolileta, mtihani unafutwa kwa watu wote sitini, darasa la barazani linafungwa, na Mwalimu Ansbert analala rumande akingoja hakimu.

Jumamosi ndiyo leo, na saa tano ilikuwa imeshapita. Asubuhi Mwishehe alikuwa amepoteza saa mbili Kinondoni kwa dobi mmoja aitwaye Leonardi, mwanafunzi aliyekuwa akijitapa mtaani kwamba atapata kumi kwa kumi. Leonardi alinukia kweli, ila alinukia mafuta ya nywele, na Alhamisi nzima alikuwa Msasani akifua mashuka ya Wazungu watatu, wote wakiwa tayari kumtetea. Majivuno yake yalikuwa ni majivuno tu. Mwishehe alimwacha akiendelea nayo, akapanda baiskeli yake kurudi Temeke na jasho la bure.

"Uliichana karatasi hii kutoka wapi?" akamuuliza Mwalimu sasa.

Mwalimu akaleta daftari lake kubwa. Mwishehe akalifungua katikati, akatafuta kipande cha ukingo kilichobaki kwenye uzi, akaisogeza ile karatasi tupu mpaka mchaniko ukakutana na mchaniko. Iliingiana, kila jino mahali pake. Akamwita Mwalimu aangalie kwa macho yake mwenyewe, kisha akamwonyesha jinsi karatasi ilivyojikunja mikunjo midogo midogo, na kwa ndani ilivyobaki na ubuluu hafifu.

"Uliandika kwa wino gani?"

"Wa kidonge. Nauloweka mwenyewe, ni rahisi."

"Ndio unaotoka kwa maji. Hakuna aliyebadilisha karatasi, Mwalimu. Hii ndiyo yako. Aliyeingia humu alichukua maneno, karatasi akakurudishia."

Mwalimu alikaa kitandani taratibu. Alisema habari hiyo ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza, kwani ya kwanza angalau aliielewa. Mwishehe akamuuliza habari za ufunguo. Mwalimu akauvuta kutoka shingoni, ulikuwa umefungwa pamoja na rozari yake, akaapa kwamba ni huo mmoja tu, sanduku ni lake, na hajawahi kuuvua hata anapooga. Mwishehe akaandika kila kitu kwenye kijitabu chake, pamoja na la kuoga. Kabla ya kutoka alisimama barazani kumsalimu mwenye nyumba, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo. Jana alikuwa amemhoji, kama alivyowahoji majirani wote. Bi Mwanaheri alisema hakuona mtu akiiba karatasi, na alilisema hilo akimtazama usoni bila kupepesa. Mwishehe alimwamini jana, na leo pia alimwamini.

Duka la Nasser bin Thuwaini lilikuwa pembeni tu ya mtaa. Babu yake Nasser ndiye aliyelifungua, baba akalipanua, naye Nasser kazi yake ilikuwa kulilinda lisiondoke na kulalamika. Marashi ya waridi aliyauza yeye peke yake kwa Temeke nzima. Mwishehe akamuuliza nani wamenunua juma hili. Nasser akaanza na hotuba ndefu kuhusu heshima ya mfanyabiashara kwa wateja wake, kwamba duka ni kama baraza la mtu, yasemwayo humo hayatoki. Mwishehe akavuta kigoda akakaa, akasema ana muda. Hakuwa nao, lakini Nasser hakujua.

"Watatu," hatimaye Nasser akasema. "Wawili ni wa msiba wa Jumanne, chupa kubwa kubwa. Wa tatu Bi Mwanaheri, kichupa kidogo. Alhamisi."

"Hakuchukua kingine?"

"Bakuli. Alinipekulisha rafu nzima. Kila ninalompa analirudisha, huku lina ua, huku lina jogoo. Alitaka jeupe tupu kwa ndani. Nikamwambia bibi, maua yamekukosea nini? Akasema yatachanganyika na maneno."

Penseli ya Mwishehe ikasimama. Nasser alipomwangalia alishangaa kumwona Sajini akitabasamu peke yake. Mwishehe alikuwa amekumbuka mikono ya bibi yake mzaa mama, bakuli jeupe, na ladha ya zafarani aliyoinywa asubuhi alipopelekwa depo ya polisi. Akajikaza, akauliza swali la mwisho, sanduku la bati la Mwalimu Ansbert lilinunuliwa wapi. Nasser alicheka. Lile sanduku la Mwalimu lini? Marehemu baba yake ndiye aliyemuuzia mume wa Bi Mwanaheri, mwaka wa harusi yao, pamoja na kufuli na funguo mbili. Bibi alimwazima tu mpangaji wake, kwa kuwa alimwonea huruma kuweka nguo kwenye kikapu, na miaka imepita hata mpangaji amesahau kwamba si lake.

Ilikuwa saa nane aliporudi. Safari hii hakusimama. Alivua kofia, akakaa mkekani mbele ya yule bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ushampata mwizi wa karatasi?"

"Bado. Bibi, jana nilikuuliza vibaya. Nilikuuliza karatasi. Leo nakuuliza maneno yaliyokuwa juu yake."

"Ah, maneno," akasema Bi Mwanaheri, akauweka ungo chini. "Maneno nilichukua mie."

Alieleza bila haraka, kama mtu anayeeleza mapishi. Mkwe wake Hija, mume wa binti yake Tunu, alikuwa tarishi katika ofisi ya serikali na mwanafunzi wa Mwalimu. Kijana mwema, asiyekula kabla ya kumuuliza mkwewe kama ameshakula. Lakini huo umilikaji ulimshinda. Alimsikia barazani kila siku akikosea na wenzake wakimcheka. Jumatano alimwona Mwalimu akiandika kutwa nzima karatasi moja, akamuuliza ni nini. Mwalimu, kwa utani wake, akamjibu kwamba haya ndiyo yote Hija anayotakiwa kuyaingiza kichwani, na akiyaingiza, ameshapita.

Mwalimu Ansbert, aliyekuwa amesimama mlangoni, akajishika kichwa.

"Basi nikayaingiza," akasema Bi Mwanaheri. "Mwalimu alipotoka Alhamisi, nikafungua sanduku langu, nikajifungia chumbani. Nikasoma Fatiha, nikayaosha yale maandishi kwa marashi, nikayakinga bakulini. Hija aliporudi nikampa, nikamwambia kombe. Hakuuliza la nini, alikunywa lote."

Mwishehe aliuliza, kwa adabu, kama hakuona tofauti kati ya kombe la maneno ya Mungu, yanayooshwa na kunywewa kwa baraka, na maneno ya Mwingereza. Bi Mwanaheri akakiri kwamba jambo hilo lilimkalisha akifikiri sana. Alimaliza kwa kusema lugha zote kaziumba Mungu, na kama kakosea, atamwomba radhi Yeye mwenyewe, siyo polisi. Na karatasi? Karatasi ni mali ya Mwalimu, aliianika ikakauka akairudisha mahali pake. Alidhani Mwalimu ataandika tena, si yote yamo kichwani mwake? Jana waliposema karatasi imeibwa, alijua yake kairudisha, akafikiri ni nyingine.

Mwishehe alitamani kucheka, na alitamani pia kuubusu ule mkono wenye vumbi la mchele. Badala yake akafanya kazi yake. Akachukua gazeti la Kiswahili la Mwalimu akamwomba asome. Bi Mwanaheri akasema hizo herufi za Kizungu hazijui hata moja. Yeye husoma za chuoni, za Kiarabu, za kutoka kuume. Akamwandikia jina lake kwa herufi hizo, vizuri kabisa. Mwishehe akakikunja kile kikaratasi akakitia mfukoni kuwa ushahidi.

"Kwa hiyo nimetoka?" akauliza Mwalimu.

"Bado," akasema Mwishehe. "Inspekta hajanyweshwa kombe utotoni. Atasema Hija anajua kusoma, aliiona karatasi, na mkwewe anamkinga. Atasema wewe ulimwachia. Nimwone Hija."

Hija akaja kutoka kazini akiwa bado na sare ya utarishi, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini. Alipoambiwa alichokunywa Alhamisi akasema kumbe ndiyo maana lilikuwa chungu. Hakuiona karatasi, alisema. Mwishehe akamkalisha kwenye benchi la darasa. Mwalimu akayataja maswali kumi, yaleyale, ambayo sasa ilibidi yabadilishwe kabla ya Jumatatu, Mwishehe akayaandika. Kila swali lilikuwa na majibu mawili, moja sahihi na moja si sahihi, mfanya mtihani achague. Hija akachukua penseli. Bi Mwanaheri akasogeza mkeka wake karibu, midomo ikicheza kwa dua.

Mwalimu alisahihisha. Alisahihisha mara mbili. Kisha akasema kwa sauti ya furaha ambayo mwalimu hapaswi kuwa nayo: "Sifuri, Sajini. Amekosa yote. Aliyeiba mtihani hapati sifuri."

Bi Mwanaheri alirudi kwenye mchele wake, na mchele ule haukuwa na hata punje moja ya kuchambua tena.

Mwishehe alikuwa akiitazama ile sifuri. Faili lingeweza kufungwa hapo, na mtu mvivu angelifunga. Lakini aliwaza habari za sarafu. Mtu asiyejua kitu, ukimpa majibu mawili mara kumi, atapatia matano kwa kubahatisha, au manne, au hata matatu siku yake ikiwa mbaya. Akose yote kumi? Hapo ni lazima ajue kila mara jibu sahihi liko wapi, ili alikwepe. Akaomba daftari la Hija. Akaanza nyuma, akaja mbele. Februari, tiki nyekundu za Mwalimu zimejaa ukurasa. Machi, ukurasa wa umilikaji, kumi kwa kumi, na pembeni Mwalimu ameandika neno la pongezi. Tarehe kumi na moja Aprili, sifuri. Baada ya hapo ni sifuri tupu hadi juzi.

"Tarehe kumi na moja kulitokea nini hapa barazani?"

Mwalimu akafikiri. "Hakuna. Nilisoma tangazo la ofisi tu. Kwamba watakaofaulu watapelekwa Tabora, miaka mitatu, na wake zao."

Ndani Tunu alikuwa akitwanga, na mchi wake ulisikika wazi.

Mwishehe aliingiza kalamu mfukoni, akamgeukia Hija, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuzungumza kama polisi.

"Sikiliza, mdogo wangu. Sifuri yako haimwokoi Mwalimu. Inspekta ataiona kama nilivyoiona mie, atasema umefundishwa kukosea ili ufiche. Kinachomwokoa ni daftari hili, na neno lako. Ukiandika kwa mkono wako kwamba ulikuwa unayajua haya tangu Machi, na ulikusudia kushindwa, basi. Anayetaka kushindwa haibi mtihani. Lakini ukishaandika hivyo, Jumatatu huna pa kujificha. Ofisi nzima itajua unaweza. Utafaulu, na utakwenda."

Hija alimtazama Mwalimu, aliyekuwa amemfundisha miaka miwili bila kumtoza chochote tangu mtoto wa Hija alipozaliwa, na ambaye sasa alisimama mlangoni kwake mwenyewe kama mgeni. Kisha akamtazama mkwewe, na hapo macho yakamshinda.

"Mama yuko peke yake," akasema. "Hana mwingine, Tunu tu na mtoto. Nani atamchotea maji? Sie twende Tabora tukale mshahara, yeye abaki na nani? Nikaona bora niitwe mjinga. Ujinga hauui."

Mwishehe aligeuka kumtazama Bi Mwanaheri akitegemea mshangao. Hakuuona. Bibi alikuwa ameshika ungo kwa mikono miwili, uso wake umetulia.

"Bibi, ulijua habari za Tabora?"

"Tangazo lilisomwa barazani kwangu, mwanangu. Mie si kiziwi."

"Ulijua kwamba akifaulu anaondoka na Tunu?"

"Nilijua."

"Na bado ukamtengenezea kombe."

"Ndiyo maana nikamtengenezea," akasema Bi Mwanaheri. "Huyu kijana ana akili, nilimwona tangu anaposa. Nikaona amesimama, sikujua nini kimemsimamisha. Kumbe ni mie." Akamgeukia mkwewe, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikatikisika. "Andika, baba. Mwalimu wa watu asifungwe kwa ajili ya maji yangu ya kisimani. Maji nitachotewa na Nasser."

Hija akavuta benchi. Aliomba aandike kwa Kiingereza, kwa kuwa Inspekta atasoma mwenyewe. Aliandika polepole, ukurasa mmoja na robo, akieleza sanduku la mama wa mkewe, bakuli la mama wa mkewe, na nyumba ya mama wa mkewe ambayo hakutaka kuihama. Mwalimu alisoma juu ya bega lake, kalamu nyekundu mkononi kwa mazoea, na mpaka mwisho hakupata mahali pa kuitumia. Mwishehe akashuhudia, akatia tarehe na saa. Ilikuwa saa tisa u nusu, baiskeli ingemfikisha kituoni kabla ya kumi. Alimshika Mwalimu mkono, akamwambia alale nyumbani kwake leo, na Jumatatu afungue mlango wa mtihani kama kawaida.

Bi Mwanaheri alimsindikiza mpaka ukingoni mwa baraza. Alimuuliza treni ya Tabora huchukua muda gani. Mwishehe, aliyewahi kumpeleka mfungwa huko, akasema mchana mmoja na usiku mmoja, na pengine asubuhi ya pili.

"Si mbali," akasema Bi Mwanaheri.

Mwishehe akakubali kwamba si mbali. Akapanda baiskeli. Alipotazama nyuma kwenye kona, bibi alikuwa bado amesimama palepale, amejifunika uso kwa upindo wa kanga, na kitambaa kilichezacheza mdomoni kana kwamba alikuwa akisema tena, si mbali, si mbali.